Udongo Uliouchota Alfajiri

Mwaitu, mama yangu uliyetangulia,

Uliniachia neno moja kabla hujafumba macho, kule nyumbani kwa kaka Mutua, Sultan Hamud. Ulinishika mkono ukasema, "Msinilaze hapa barabarani. Nipelekeni kwa baba yenu." Nikaitika ndiyo, haraka haraka, kama mtoto anayeitikia kabla hajasikia. Lakini nilikuwa nimesikia. Kwa baba ni ng'ambo ya soko la Zombe, kijijini kwetu, kwa watu wale wale waliokutoa wakikuita mchawi. Wewe ulikuwa unaomba mahali pa kulala tu. Mimi nilikuwa naona panga, naona moto, naona jeneza lako limezuiwa njiani nasi tumesimama nalo juani, hatujui pa kulipeleka.

Ulinijua tangu zamani kuwa mwoga. Kuku akipiga kelele nyuma ya jiko, mimi ndiye wa kwanza kupanda kitandani. Ulikuwa ukimwambia Mutua, "Huyu dadako ataogopa hata kivuli chake." Kisha mtoto huyo akakua, akasomea mambo ya viini, akapata kazi Nairobi kwenye chumba ambacho watu hufungua na kufunga sahani za magonjwa kutwa nzima. Nilipokuja kukuambia ulipiga makofi ukasema, "Ai! Na huko wanajua kwamba unaogopa kuku?"

Siku hiyo ndiyo niliyokueleza kazi yenyewe. Ulikuwa unapepeta mbaazi, na makapi yalikuwa yananiingia machoni, nawe hukujali. Nikakuambia kwamba ndani ya udongo mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba wanagombea chakula, na kila mmoja ana sumu yake ya kumfukuza mwenzake. Sisi tunachukua udongo kidogo, tunaukoroga kwenye maji safi, tunadondoshea tone kwenye sahani ya kioo yenye uji mzito ulioganda. Baada ya siku chache vinaota vidoa, vyeupe, vya kijivu, vingine vya rangi ya kutu. Halafu tunapanda hapo viini vya ugonjwa. Mara nyingi vinafunika sahani nzima. Lakini siku moja moja unakuta kidoa kimejizungushia uwanja mtupu, viini vimekoma pembeni vimekataa kusogea. Hapo ndipo tunapojua kwamba kidoa kile kina kitu, na huenda kitu hicho kikawa dawa.

"Kwa hivyo ni ugomvi wa majirani," ukasema.

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na nyinyi mnaiba silaha."

"Ndiyo."

Ulicheka mpaka ukaweka ungo chini. Kisha ukauliza kama silaha hiyo ingemfaa baba. Mguu wa baba ulichomwa na kijiti tu shambani, nasi tulimpeleka hospitali, akadungwa sindano, akadungwa tena, na kidonda kikaendelea kupanda. Daktari alituambia viini vilikuwa vimeizoea ile dawa. Neno hilo lilikukaa rohoni miaka yote. Hukuelewa vipi ugonjwa unaweza kuizoea dawa na mgonjwa asiizoee. "Basi wewe tafuta ile isiyozoeleka," ukaniambia, na hukuwa unatania tena.

Sikukuambia wakati ule kwamba naipenda kazi hii kwa sababu ya harufu yake. Wale viumbe wa udongo wakiota vizuri kwenye sahani, chumba chote kinanukia mvua ya kwanza. Unafungua mlango wa maabara katikati ya Nairobi, kiangazi kimekauka, na unasikia Oktoba ya kwetu, wingu limekaa juu ya Zombe na watu wanakimbiza nguo. Nilikuja kukuambia baadaye, na ulifurahi kuliko nilipokuambia mshahara.

Mara ya kwanza nilichukua udongo wa kwetu kwa utaratibu. Nilipitia kwa chifu, nikasimama mbele ya watu kwenye baraza, nikaeleza, nikachota mchana kweupe na kijiko na glavu. Watu walizishangaa glavu. Mmoja aliuliza kama udongo wetu unauma. Tukacheka sote, na Kavata jirani yako alicheka zaidi ya wote, yule mliyeimba naye safu moja katika kwaya ya kina mama. Kati ya vyote nilivyochukua, udongo wa zizi letu la mbuzi ndio uliotoa uwanja mtupu. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo.

Nikaja Krismasi nikakuambia. Tulikuwa tunakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi, nami nilikuwa naongea huku natafuna. Nikasema udongo wa mahali mifugo imelala miaka mingi ndio unaotoa, na ni vizuri kuuchukua kabla jua halijauchoma. Ulikuwa unasikiliza ukiwa umeshika kijiko hewani. Ningekuwa mtu wa kuchunguza sura za watu ningeona kwamba tayari ulikuwa umeshaamua.

Mwaitu, hebu niseme hivi sasa ulivyofanya, maana hata leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Uliamka alfajiri, siku baada ya siku, ukaenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto kama kawaida yako. Na njiani ukapita kwenye mazizi ya watu. Zizi la huyu, zizi la yule, ukiinama penye lango ambapo mbuzi hukanyagana, ukichota kidogo. Hukuwaomba. Uliniambia baadaye, "Nani angeninyima samadi?" Mifuko ya karatasi iliyobaki kwako tangu siku ile ya baraza ilikuwa imeliwa na mchwa, basi ukapasua leso yako kuukuu vipande vipande. Kuandika hukujua, lakini kiondo ulijua kusuka, na ulikuwa na nyuzi za katani ulizozitia rangi. Ukafunga kila udongo kwa uzi wake ili usisahau ni wa kwa nani. Wa kwa Kavata ulikuwa uzi mwekundu. Ukavipanga vyote kwenye kiondo, ukakisukuma chini ya kitanda, ukingoja nije unishangaze.

Mtu yeyote wa Ukambani akisoma hapa ataweka mkono mdomoni. Mjane anayeinama alfajiri malangoni mwa watu. Udongo uliokanyagwa na wenye nyumba, umefungwa kwenye vitambaa, kwa nyuzi za rangi, chini ya kitanda. Kama ungetaka kujichorea picha ya mchawi usingeichora vizuri zaidi. Nawe hukuliona hilo hata kidogo, kwa sababu akilini mwako ulikuwa unafanya kazi ya Nairobi.

Kisha mjukuu wa Kavata akashikwa na homa. Shingo ikakakamaa, akawa anatazama dari tu, na wakati wanatafuta gari la kumpeleka Kitui akafariki. Mtoto mzuri yule, nilimjua. Ulikwenda kwa Kavata ukalia naye, ukampikia uji. Ulipotoka, mtu mmoja akakumbuka kukuona langoni pao alfajiri. Mwingine naye akakumbuka. Walipoingia nyumbani kwako walijua pa kutafuta, maana vitu vya namna hiyo siku zote hutafutwa chini ya kitanda.

Mutua alipata habari kwa mnunuzi wa mbuzi aliyetoka Zombe, akapiga simu maabara. Nilifika mchana wa siku ya pili. Ulikuwa umeketi kwenye kigoda katikati ya ua, kitambaa cha kanisa kichwani, mikono mapajani. Vifurushi vilikuwa vimepangwa chini mbele yako. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mchungaji alikuwa amesimama nyuma yako na Biblia, midomo imemkauka. Kavata alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha ghala, kanga imemfunika uso. Na karibu na mlango wako alisimama mwanamume mmoja na debe dogo la mafuta ya taa. Alilishika tu, kama mtu aliyetoka dukani.

"Huyu ndiye msichana wa Nairobi," mzee wa kijiji akasema. "Haya, aseme."

Nikasema. Mwaitu, ulinisikia jinsi nilivyosema. Nikasema udongo huu ni wa kazi yangu. Wakauliza kazi gani. Nikasema kutafuta dawa.

"Dawa kwa udongo wa zizi la watu?"

"Ndiyo."

"Na ukifika huko mnauweka na nini?"

"Na viini vya ugonjwa," nikajibu, maana ndivyo ilivyo.

"Kwa hivyo magonjwa mnayo huko. Mnayafuga."

"Tunayafuga ili tujue namna ya kuyaua."

"Na mnayalisha?"

Tunayalisha, Mwaitu. Supu ya nyama, na damu ya kondoo. Nilipotamka damu, wanawake waliokuwa nyuma walivuta pumzi wote kwa pamoja. Kila nililosema lilikuwa la kweli, na kila la kweli lilituzamisha. Nikaona kwamba nikiendelea kueleza nitakuua kwa mdomo wangu.

Mzee mmoja wa pembeni akasema mbona jambo ni rahisi, mama aape kwa kithitu. Hakuna Mkamba asiyekijua kiapo hicho, na hakuna asiyekiogopa. Anayeapa uongo anakufa, yeye na watu wa nyumba yake. Lakini kwako kilikuwa mlango wa kutokea. Ungeapa, wangerudi makwao, wangengoja kuona kama utakufa, usingekufa, na yangeisha. Nilipiga magoti karibu na kigoda chako nikakunong'oneza, "Mwaitu, apa tu. Mungu ataelewa."

Ukaniambia, "Mungu ataelewa. Mimi ndiye nitashindwa kuelewa."

Kisha ukapaza sauti wakakusikia wote. "Hayo niliyaacha siku niliyookoka. Sitayarudia kwa sababu nimeogopeshwa."

Nilikukasirikia, wacha nikwambie. Nilitaka kukukamata mabega nikutikise. Mimi niliyesoma, mimi niliyetoka Nairobi, ningekuapia hata mara kumi kwa chochote ambacho wangeniwekea mbele. Wewe ulikaa. Na kwao kukataa kuapa kulikuwa ni kukiri. Yule wa debe akaliweka chini akaanza kufungua kifuniko, pole pole, na nilisikia harufu ya mafuta ya taa ikija na upepo. Mpaka leo siwezi kuwasha jiko la stovu bila kusimama kwanza.

Aliyekuokoa ni mke wa mchungaji, aliyekuwa ameondoka asubuhi kwa miguu kwenda kwa chifu bila kumwambia mtu. Chifu aliingia na askari wake na gari. Hakuuliza udongo ulikuwa wa nini. Alisema tu, "Kwangu hapa hachomwi mtu. Huyu mama anaondoka leo." Askari mmoja akakushika kiwiko kwa adabu, "Mama, ingia kwa gari." Hukuruhusiwa kuchukua hata sufuria. Tulipovuka mto niligeuka nikaona moshi. Wewe hukugeuka, nami sikukuambia, lakini ulijua.

Tukiwa ndani ya gari lile la chifu, ukaingiza mkono kifuani ukatoa kifurushi cha uzi mwekundu. Walikuwa wamesaka nyumba nzima, nawe ulikuwa umeuficha kifuani uchawi wenyewe!

"Mwaitu, kitupe! Kitupe dirishani!"

"Nikitupe? Baada ya yote haya?" Ukakisukuma kwenye mkoba wangu. "Ni cha kwa Kavata. Zizi lake ni la zamani kuliko letu."

Nilikipeleka Nairobi. Nikakifungua, nikaukoroga udongo, nikaupanda kama tulivyofundishwa. Na Mwaitu, uwanja mtupu uliotokea kwenye sahani ile hatukuwahi kuuona pale maabara. Viini vya vidonda, vile vile vilivyomla baba, vilisimama mbali na kile kidoa cha kijivu kana kwamba vimechorewa mstari. Daktari mkuu wetu aliita watu wa vyumba vingine waje watazame. Walinipongeza, wakanishika mkono. Nilikuwa nacheka nao huku naona debe lile la mafuta ya taa.

Tulifanya kazi na kidoa hicho kwa muda mrefu. Tulikikuza kwenye chupa kubwa, tukakamua maji yake, tukayachuja, tukayakausha mpaka ukabaki unga wa manjano. Tukawapa panya wagonjwa, wakapona. Nilikupigia simu dukani kwa Mutua nikakuambia wamepona, nikakusikia ukiwaita watu wa duka uwaambie. Wiki iliyofuata panya wale wale wakaanza kuvimba, wakafa. Dawa iliyoua viini ilikuwa inaua na figo. Mwenzangu wa chumba cha virusi akaijaribu kwake, akakuta vivyo hivyo: virusi vilikufa, na chembe hai zilizobeba virusi hivyo nazo zikafa. Tukaipunguza, tukaibadilisha, tukaijaribu tena. Mwishowe daktari akaweka kichupa chake kwenye friji na kusema tuendelee na nyingine. Kazi yetu iko hivyo, Mwaitu. Nyingi huishia kwenye friji.

Niliogopa kukuambia. Nilidhani utauliza basi nyumba yangu iliungua kwa nini. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Basi tafuta nyingine," ukaendelea kuchambua mchele.

Uliishi Sultan Hamud miaka mingi nyuma ya duka la Mutua, malori yakipita mbele na treni ikipiga honi nyuma. Ulijifanya umezoea. Ulipata kanisa, ukapata marafiki, ukapanda kunde kwenye kipande kile kidogo karibu na tangi. Ukinitania nikija ulisema, "Leta kijiko nikuchotee udongo wa kwa Mutua," na mimi nilikuwa nakurukia nikufunge mdomo wateja wasisikie. "Mwaitu, wacha!" Ulicheka mpaka machozi. Ulipoanza kuja ule ugonjwa mpya uliopita na barabara, ukawachukua madereva na wasichana wa mahotelini na mwishowe hata waimbaji wa kwaya yako, uliniuliza kila nilipokuja, "Na huu? Silaha yake mmepata?" Nilisema bado. Tulikuwa tukijaribu mizizi na magome na udongo wa kila mahali, na jioni nilikuwa nanawa mikono mpaka ngozi inachubuka.

Kitu kimoja tu hukukitania kamwe. Mara moja moja, bila sababu, ungeniuliza, "Kavata siku ile hakusema kitu, sivyo?" Nami ningekujibu, "Hakusema." Ungeitikia kwa kichwa kana kwamba ni mara ya kwanza kusikia.

Hata sasa, udongo mpya ukifika maabara kutoka upande wowote wa nchi, umefungwa vizuri, una kibandiko, mimi hukaa nao kwanza. Vijana wetu wanadhani nakagua unyevu. Najiuliza umechotwa lango la nani, na ni nani alikuwa anapita.

Basi ukafa, Mwaitu, na neno lako likawa juu yangu. Mutua alikataa kabisa. "Dada, wale watu hawajasahau," akasema. "Tumlaze hapa kwa amani." Na kila alichosema ndicho nilichokuwa nakiogopa, kwa hivyo sijui nilipata wapi ulimi wa kumbishia. Nadhani niliona ni aibu mama shujaa azikwe ugenini kwa sababu ya hofu ya mwoga kama mimi. Nikamwambia kama haji, nitakwenda peke yangu. Chifu wa sasa ni kijana, aliniambia, "Mleteni. Lakini siwezi kuahidi watu watafanya nini."

Tulifika asubuhi. Pale palipokuwa na nyumba pamemea miiba. Kaburi lilikuwa limechimbwa tayari kando ya baba, na hakuna aliyetuambia limechimbwa na nani. Watu walikuwepo, wengi kuliko nilivyotarajia, wamesimama mbali kidogo, kimya. Kimya kile kile. Mutua alinishika mkono asiuachie, mtu mzima yule mwenye ndevu. Nilimtafuta kila mwanamume kwa macho, natazama mikono yao wameshika nini.

Mchungaji akaomba, tukaimba, tukakushusha. Kisha akasema familia itupe udongo. Mutua akatupa. Ikawa zamu yangu, na Mwaitu, sikuweza kuinama. Nilijua wote wanatazama vidole vyangu. Mimi ndiye yule msichana wa Nairobi, nimesimama juu ya udongo wa kwao, nimeambiwa niuchote. Mchungaji akarudia, taratibu. Nikainama nikachota, nikanyoosha mkono mbali na mwili wangu ili kila mtu auone, nikaufungua wote juu yako, nikaukung'uta, nikaukung'uta tena.

Nikawaza, sasa ndipo. Kisha mzee mmoja akakohoa, na vijana wa kijiji wakavua makoti, wakashika majembe, wakaanza kukufunika. Majembe yao, Mwaitu, siyo yetu. Nililia kwa sauti kama mtoto, kwa sababu nilielewa umekubaliwa.

Walipomaliza nilitaka kwenda kwenye gari. Lakini watu hawakuondoka. Walikuwa wananingoja. Kavata akatoka katikati yao, amezeeka, mgongo umepinda, amebeba beseni la maji. Sote hunawa baada ya mazishi, hilo si jipya. Lakini beseni hilo lilikuwa la mtu mmoja. Alisimama mbele yangu akasema, "Fungua vidole, mwanangu."

Nikafungua. Akaninawisha yeye mwenyewe, kiganja kwa kiganja. Kisha akachomoa mwiba kwenye kanga yake akaanza kunitoa udongo chini ya kucha, kidole kimoja baada ya kingine, akiusuuza kwenye beseni. Wote walikuwa wanatazama.

"Mama," nikamwambia chini kwa chini, "mama yangu hakumfanya mjukuu wako kitu chochote."

Hakuinua macho. "Mimi sijui," akasema. "Nimekaa miaka yote hii sijui. Ndiyo maana naogopa."

Alipomaliza alizitazama kucha zangu moja moja kwenye mwanga. Akaniachia. Akabeba beseni kwa mikono miwili, akapiga magoti kwa shida, akamwaga maji yale yote juu ya kaburi lako, akakikung'uta chombo mpaka tone la mwisho. Ndipo watu wakaanza kwenda nyumbani.

Kila punje ya udongo wako imebaki hapo, Mwaitu. Walihakikisha. Lala kando ya baba. Hakuna atakayekutoa tena.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
yule mwoga.